Alikuja Tu Kukaa: Barua ya Wazi kwa Mchungaji na Wazee wa Kanisa Letu, Kisumu

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, na kina mama mnaosimamia huduma ya mlangoni,

Bwana asifiwe.

Hoja hii, ya jinsi tunavyowapokea wageni ibadani, nimeileta kikaoni mara mbili. Mara zote mbili iliwekwa chini ya "mengineyo", na mara zote mbili tukafunga kwa sala kabla ya kufika kwenye mengineyo. Ndiyo maana leo naandika barua ya wazi. Jina la kanisa silitaji. Anayetujua atatujua, na kanisa jingine lolote la mji huu likijiona humu, tuhurumiane.

Nianze na Jumapili iliyopita. Ilikuwa saa nne kasoro, sifa zimepamba moto, nami nilikuwa zamu ya mlangoni. Aliingia kijana wa bodaboda, helmeti kwapani, rifleta yake bado mwilini. Akaketi benchi la mwisho karibu na nguzo. Hakuwa amemaliza hata kujifuta jasho alipoambiwa benchi lile ni la akina mama wenye watoto wachanga. Akasogea mbele safu mbili. Akaambiwa safu hiyo imewekwa kwa ajili ya wageni wa kamati ya harusi. Mwishowe akapelekwa safu ya tatu kutoka madhabahuni, akakaa na helmeti yake magotini, kanisa zima likimtazama kisogo.

Kisha tukafika pale panapopangwa kila Jumapili: wageni wetu wa leo, simameni tuwaone. Yeye hakusimama. Aliyekuwa akiongoza ibada akamnyoshea kidole, "Yule ndugu mwenye helmeti!" Watu wakacheka, kicheko kisicho na ubaya wowote, nakubali. Kijana akainuka. Maikrofoni ikamfuata. Akataja jina lake la kwanza. "La pili?" Akalitaja. "Nyumbani ni wapi? Unasali wapi? Una neno gani kwa kanisa?" Akasema hana neno. Tukamwimbia, tukampigia makofi, akaketi. Dakika kumi baadaye zikapita bahasha za mabati ya jengo jipya, na yeye akakabidhiwa moja kama sisi wenyeji. Kabla Mchungaji hujasimama kuhubiri, kijana aliinama kama anayeenda msalani akatoka.

Nilimfuata nje. Alikuwa anapiga kiki pikipiki yake. Nikamwuliza, "Kijana, mbona mapema?" Akaniangalia bila hasira yoyote.

"Mathe, mimi nilikuja tu kukaa."

Akaenda zake kuelekea Kondele.

Wazee wangu, neno hilo limenikatalia usingizi wiki nzima. Mnajua nafanya kazi mapokezi ya hoteli, huu ni mwaka wa kumi na moja, na kupokea watu ndio ugali wangu. Mtu anapoingia kwetu usiku wa manane ametoka Busia au Nairobi, kuna mambo ambayo hata mfanyakazi wa wiki moja hayafanyi. Hatamki namba ya chumba kwa sauti. Hamwulizi mgeni anayefuatana naye ni nani. Hamsimamishi katikati ya ukumbi ili waliokuwa wakinywa chai wamwone. Humwonyesha pa kuweka mzigo, msala uko wapi, na maji ya kunywa yako wapi, halafu humwacha. Jua la Kisumu mnalijua. Mtu aliyetembea kutoka steji hadi kwetu anahitaji maji kabla ya kuhitaji wimbo wa karibu.

Sisemi kanisa liwe hoteli. Hotelini natabasamu kwa mshahara, na mgeni anajua hivyo. Nasema kwamba mambo ambayo hoteli huyafanya kwa ajili ya pesa, sisi tumeshindwa kuyafanya kwa ajili ya Kristo, na kisha tunashangaa kwa nini daftari la wageni limejaa majina na mabenchi ni yaleyale.

Mimi mwenyewe nilikuwa mgeni hapa, wengi wenu mmesahau. Nilihamia kutoka Nakuru. Nimezaliwa huko, lakini kwetu ni Maragoli, Uluhyani. Jumapili yangu ya kwanza nilisimama kama nilivyoagizwa, na mwulizaji aliponiambia nitaje jina la pili na nyumbani, koo lilinikauka. Mtanisamehe nieleze kwa nini.

Mwishoni mwa Januari 2008 vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru, mtaani kwetu watu waliulizwa jina la pili kabla ya kuulizwa jambo jingine lolote. Jina la pili ndilo lililoamua kama utapita au hutapita. Kisumu nanyi mlikuwa na yenu mwaka huo, na kila baada ya miaka mitano mnajua hali ya hewa inavyobadilika. Kwa hiyo katika nchi hii mtu akiambiwa mbele ya umati ataje jina lote na kwao ni wapi, ameambiwa ataje kabila lake. Anayeuliza huenda hana nia hiyo. Anayejibu anaisikia hivyo. Nilisimama pale, nikataja, nikaona vichwa viwili vitatu vikigeukiana. Labda walikuwa wanaulizana saa. Sijui hadi leo, na hilo ndilo tatizo lenyewe: mgeni hana njia ya kujua.

Najua mzee mmoja atasema, "Hii ni desturi yetu, mgeni lazima ajulikane." Ni kweli, na ni desturi nzuri ilikozaliwa. Kijijini, ukiulizwa wewe ni mtoto wa nani, unatafutiwa mahali pa kukaa katika ukoo. Mama mzee akigundua kwamba nyanya yako aliolewa kutoka kwao, umeshapata chai. Lakini mjini anayeingia mlangoni kwetu anaweza kuwa mke aliyemkimbia mume anayempiga, na mume ana rafiki kwenye safu ya tano. Anaweza kuwa mtu aliyeachishwa kazi Ijumaa. Anaweza kuwa mwalimu wa shule ya Jumapili wa kanisa la jirani ambaye amekosana na mchungaji wake na hataki lijulikane bado. Anaweza kuwa hajaingia kanisani tangu azike mama yake. Wote hao tunawapa maikrofoni.

Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anawakemea wanaompa mwenye mavazi mazuri kiti kizuri na kumwambia maskini asimame kule. Mahubiri yake tumeyasikia mara nyingi. Sisi tumevumbua la tatu: maskini tunamkalisha mbele, tupate kumwona vizuri.

Na bahasha. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku mbili! Sisi jembe tunampa saa ya pili ya siku ya kwanza. Napenda jengo jipya kama ninyi, mabati haya tuliyonayo mvua ya jioni ikija kutoka ziwani hatusikii hata dua. Lakini mtu asiyejua msala ulipo hawezi kuombwa mabati. Na ile desturi ya "mwenye elfu tano asimame, mwenye elfu mbili asimame, mwenye mia mbili asimame" humwacha mgeni chaguo mbili tu, aibu au uongo. Kabla ya sadaka semeni maneno machache: ewe mgeni, leo umekuja kula, haya ya ujenzi ni ya wenyeji. Akitaka kutoa, namba ya M-Pesa iko ukutani kwa herufi kubwa kuliko aya ya mwaka.

Lugha sasa, na hapa nitaenda polepole kwa sababu najua inauma.

Siombi Dholuo, lugha ya Wajaluo, iondolewe. Ibada ya asubuhi ni ya Dholuo na ibaki hivyo, wazee wanaomwomba Mungu kwa lugha waliyonyonyea wasisumbuliwe. Nazungumzia ibada ya pili, ambayo kwenye ubao wa barabarani tumeiandika kwamba ni ya Kiswahili. Mchungaji unaanza kwa Kiswahili kizuri. Mahubiri yakipata moto, Dholuo inaingia, kwanza neno, kisha sentensi, kisha kisa kizima, na pale panapochekesha huwa ni Dholuo tupu. Kanisa zima linalipuka kwa kicheko. Mgeni anacheka nyuma ya wenzake, akitazama midomo ya jirani ajue kicheko kinaisha lini. Nilicheka hivyo miezi minne. Hakuna upweke kama wa kucheka jambo usilolielewa.

Neno moja tu nililielewa Jumapili ile ya kwanza, nalo lilikuwa Nyasaye. Nyanya yangu naye alimwita Mungu Nyasaye. Wajaluo na Waluhya tumegombana kwa soka na kwa siasa, lakini Jina hilo tunalo pamoja. Nililishika hilo neno kama mtu anayeshika chuma cha matatu yenye dereva mwenye haraka. Kwa hiyo nikisema mkirudie kisa kwa Kiswahili, hata kwa sentensi mbili, sisemi kwa sababu naichukia lugha yenu. Nyimbo zenu siku hizi naziimba jikoni. Nasema kwa sababu ningependa anayeketi safu ya nyuma asiwe na neno moja tu la kushika.

Kadi ya mgeni nayo ina lake. Inauliza jina, simu, mtaa, hali ya ndoa, na kama umeokoka, ndiyo au hapana. Mimi nilijaza kwa utii. Jumanne nilijikuta kwenye kikundi cha WhatsApp chenye watu nisiowajua, Alhamisi mtu akanipigia kuniuzia kiwanja, akisema namba yangu ameipata "kanisani". Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na imani ya mtu sheria hiyo inaihesabu kati ya taarifa nyeti. Huwezi kuchukua taarifa za mtu kwa kazi moja ukazitumia kwa nyingine bila yeye kukubali. Tena zile kadi nimezikuta ndani ya kabati lisilo na kufuli, kabati lilelile la vikombe. Tuulize jina moja na namba ya simu, tena kwa hiari, na tumwambie nani atampigia na lini. Hali ya ndoa ya mtu inatuhusu nini siku ya kwanza?

Yapo madogo nitayapitia haraka. Ubao wa barabarani unaonyesha saa ya kuanza ambayo hatujaifuata tangu nifike. Msala hauna kibao, na anayeuliza huonyeshwa kwa kidole kuelekea upande ambao pia kuna nyumba ya mlinzi. Mama mgeni mwenye mtoto wa miaka minne anaambiwa "mpeleke Sunday school", hajui ni wapi, na huko hapewi hata kijikaratasi cha kumchukulia mtoto wake. Mtu yeyote anaweza kuja akasema ni shangazi. Hili dogo, nikilifikiria tena, si dogo. Wekeni namba mbili zinazofanana, moja kwa mzazi, moja kwa mtoto, kama wanavyofanya wanaotunza mizigo kwenye kampuni za basi.

Tena, tafadhali, lile hema la wageni. Najua kamati ililitolea jasho, na riboni nyeupe zilipendeza. Lakini kumtoa mgeni ibada ikiisha, kumweka kwenye hema na wageni wenzake ambao nao hawamjui mtu, kumpa soda na biskuti, na kumhoji, hapana. Makanisa ya Wasabato niliyoyatembelea, watu hula chakula cha mchana pamoja siku ya Sabato, sufuria zimetoka majumbani, mgeni anaketi kati ya mwenyeji na mwenyeji. Nadhani chai moja ya rangi pamoja na watu wote chini ya mwembe wetu ingefanya kazi kubwa kuliko hema lile.

Mtaniuliza basi kwa nini nilibaki.

Nilibaki kwa sababu ya mama mmoja wa kwaya. Simtaji jina, angeona haya. Nilipoketi baada ya kusimamishwa, mikono ikitetemeka, alikuja akakaa kando yangu ingawa kiti chake kilikuwa mbele na wenzake. Hakuniuliza jina. Alisema, "Nitakaa na wewe hapa." Mahubiri yalipoingia Dholuo alininong'onezea Kiswahili, kile cha Kisumu, kifupi kifupi, akiruka mambo aliyoyaona hayana maana, na baadaye niligundua alikuwa akiruka na matangazo yote. Ibada ilipokwisha alitembea nami hadi steji, akamwambia makanga asinitoze ya mgeni. Jumatano akanipigia. Hakuniuliza kama nitarudi, aliniuliza kama nimepata pa kununua samaki wazuri, akanielekeza kwa mwanamke wake pale Kibuye.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kwenye ratiba ya ibada.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Zile dakika saba za kusimamisha wageni ziondolewe kabisa. Kiongozi wa ibada aseme karibuni kwa maneno mawili, kila mtu akiwa ameketi, kisha tuendelee. Mahali pake tuwe na watu kumi na wawili, wanaume na wanawake, vijana na wazee, ambao kazi yao si kuvaa beji. Kazi yao ni kuangalia nani amekaa peke yake, na mmoja wao aende akakae naye. Mtu mmoja kwa mgeni mmoja. Amwulize anachotaka kuulizwa. Akiona mtu anataka kuachwa, amwache, lakini asimwachie mbali. Safu mbili za nyuma zisiwekewe mtu yeyote wala kamati yoyote, ziwe za anayechelewa, anayeogopa, na anayetaka kutoka mapema. Akina mama wenye watoto wachanga tuwape upande wa dirisha, kuna hewa zaidi. Wale kumi na wawili nitawatafuta mimi mkiniruhusu. Wanane ninawaona tayari.

Nyanya yangu alikuwa wa Kanisa la Marafiki, wale wanaoitwa Quakers, watu wa Kaimosi. Alizoea kutuambia jinsi Wamarekani watatu walivyofika Kaimosi mwaka wa 1902, hawajui lugha, hawajui njia, hawajui hata mdudu gani anauma na yupi hana neno. Wenyeji waliwaangalia, wakawaacha wakae. Hadithi ya nyanya ilikuwa ndefu na nusu yake nina shaka nayo, alikuwa mtu wa chumvi. Ila nikipita leo karibu na stesheni ya reli, reli iliyofika hapa 1901 mji huu ukiitwa Port Florence, huwa nafikiri kwamba mji wote huu ni wa watu waliofika, na kanisa katika pande hizi nalo lilifika likiwa mgeni, halina jina la pili. Nyanya huyohuyo alinifundisha kukaa kimya kanisani. Kwao ibada ilikuwa na muda wa kunyamaza, mtu anakaa tu, hadi Mungu amwambie jambo au asimwambie. Nilikuwa nimesahau kwamba kukaa ni ibada hadi aliponikumbusha kijana mwenye helmeti.

Kikao cha wazee ni Jumamosi ijayo. Naomba hoja hii iwe ya kwanza, kabla ya mabati, isiwe chini ya mengineyo.

Steji ya yule kijana nimeijua. Iko njiani ninapokwenda kazini, na wiki hii nimepanda pikipiki yake mara mbili. Anaendesha vizuri, haongei sana. Mara ya pili alinitambua, akanichekea, akaniuliza kanisa likoje. Nikamwambia lipo. Sijamwalika tena. Nasubiri jibu lenu kwanza.

Wenu katika Bwana,

Mhudumu wa mlangoni, zamu ya pili